Filimbi ya Nyani

Jumatano, 16 Aprili
Nimeloweka maharagwe. Unga wa chapati umeletwa ukiwa na wadudu ndani. Bosi anasema nichekeche tu, wageni hawataona. Nimechekecha. Kinyaa.

Bosi alikuja kutoka Suna na gari lake, akaagiza mahema ya wageni yashushwe hadi mchangani, ukingoni kabisa mwa mto. Eti mgeni analipia sauti ya maji. Nikamwambia hiyo ni njia ya mto, na milima ya Gwassi imetuinamia hapa juu. Akaniambia nirudi jikoni.

Alhamisi, 17 Aprili
Wageni wa Pasaka wamejaa. Nyani pia. Wameshuka mara nne wakabeba mkate na sabuni. Ochieng, mdogo wa mume wangu, ndiye mlinzi. Akiwaona anapiga filimbi. Bosi amewafundisha wageni: mkisikia filimbi ingieni hemani, fungeni zipu, msitoke mpaka inyamaze. Hata watoto wameshika. Wanakimbia wakicheka.

Jumamosi, 19 Aprili


Hapa hakujanyesha hata tone. Jua kali, wageni wamepumzika baada ya chakula. Milimani tu ndiko kulikuwa kweusi. Kisha mngurumo, kama malori ya miwa ya Awendo yakija pamoja. Ochieng alikimbia ukingoni akipiga filimbi kwa pumzi yake yote.

Nikaona zipu zikifungwa. Moja, nyingine, nyingine.

Akaitupa ile filimbi, akaanza kupasua mahema kwa panga na kuvuta watu nje. Nami nikavuta. Maji yakaja rangi ya matope, na magogo. Mahema ambayo hatukuyafikia yalikwenda yamefungwa, watu wakiwa ndani.

Jumapili, 20 Aprili
Watu wa Magunga wametusaidia kutafuta tangu asubuhi. Mgeni mmoja, mama, na binti yake wamepatikana chini huko, bado hemani, zipu imefungwa mpaka mwisho. Baba hajaonekana.

Bosi alikuwa kwenye simu. Mimi alinituma nikaokote vikombe.

Jumanne, 22 Aprili
Baba yule amepatikana, amekufa.

Bosi amewaambia polisi kwamba mlinzi alikuwa amelewa, akalala, hakuonya mtu. Wamemchukua Ochieng. Ochieng ambaye hata kwenye sherehe huomba soda.

Jioni bosi akaniita kando. "Mama, wewe ni mtu wa maana. Sema tu ulimpata amelala, na jiko la hoteli yangu ya Suna ni lako." Akaniwekea mkono begani. Nimeoga, nimeoga tena. Bado nausikia.

Ijumaa, 25 Aprili
Nimeandikisha maelezo kituoni. Filimbi, zipu, na nani aliwafundisha. Afisa akauliza kama kazi siitaki. Nikamwambia aandike.

Msichana mmoja tuliyemtoa hemani alikuja pia, mkono una bendeji pale panga lilipomgusa. Akasema vilevile. Afadhali, maana mimi peke yangu wangeniita shemeji wa mlevi.

Bosi nimempita pale nje. Amevaa suti nyeusi ya msiba. Nimetema mate chini, mbele yake, na sijutii.

Jumatano, 30 Aprili
Ochieng ameachiliwa, yuko nyumbani tangu juzi. Anakula kidogo.

Leo mchana manyunyu tu, ya kuotesha mboga. Alitoka kwake bila shati, akagonga kila mlango wa boma kwa ngumi. Wa mama mkwe, wangu, hata wa kuku. "Wuoguru oko," anasema, tokeni nje, sauti ya chini kabisa. Kwetu hapa ni juu, mto uko mbali.

Tulitoka wote. Mama mkwe alitoka na shuka lake. Tulisimama uani tukilowa, mpaka Ochieng alipotuangalia mmoja mmoja na kusema basi, tunaweza kurudi ndani.