Kiangazi cha Fimbo za Oluoch

Gatwekera,
Nairobi.

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mjukuu wako Victor. Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, lile goti halikusumbui tena, na mvua imeanza kugusa mahindi. Sisi huku tu wazima. Victor amerefuka mpaka suruali za shule zinakaribia kuwa kaptura, na kile kikohozi chake kimeisha. Kibanda changu cha sweta za watoto kiko palepale Soko la Toi. Najua Celine ndiye atakayekusomea. Wifi yangu Celine, soma polepole na usiruke mahali, hata ukifika pale utakapotamani kuruka.

Pengine unashangaa kwa nini sikupiga simu. Simu hukatika, Mama, na mtu akikasirika huikata mwenyewe. Nimetaka unisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka mwaka ule tulipokuja nyumbani, Oluoch akakueleza kwamba ananifundisha gofu? Ulishika mbavu kwa kicheko, ukauliza ni mwanamke gani mwenye akili zake anayetoka kwake asubuhi kwenda kufukuza yai la kuku kwa fimbo. Mwanao akakujibu kwamba mwanamke huyo ana mkono mzuri kuliko wake. Siku zile alikuwa kedi, akibebea wachezaji mifuko katika klabu iliyo ng'ambo ya ukuta wetu. Jumatatu klabu huwaachia makedi na majirani uwanja wacheze, na Jumatatu za Oluoch hazikuguswa na mtu. Tulipomzika, nilisukuma mfuko wake wa fimbo chini ya kitanda, nikateremsha shuka mpaka sakafuni nisiuone.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokoma, niliamua kuziuza. Nilichoka kulala juu yake. Nilizipeleka Riruta Satellite kwa fundi mmoja anayeitwa Kimanzi, Mkamba wa Kitui, ambaye kazi yake ni kutengeneza fimbo za gofu. Hunyoosha zilizopinda na kubadilisha mipira ya kushikia iliyolika. Yeye mwenyewe hucheza, na alimjua Oluoch kwa sura kutoka mashindanoni. Nilimwambia aziwekee mipira mipya ya kushikia zipate mnunuzi. Alizitoa moja moja, akazifuta, kisha akasimama kwenye moja. Akasema hii imeshikwa na watu wawili. Juu imelika kwa mkono mkubwa, chini imelika kwa mkono mdogo. Aliuliza wa pili ni nani. Niliangalia viganja vyangu. Hakunisukuma. Alinivutia kiti, akaendelea kufuta zile nyingine kana kwamba mimi ni mteja tu niliyechoka na jua. Nilipotaka kuondoka akasema kabla sijauza, niende uwanjani mara moja niuage.

Nilienda Jumatatu moja, Kimanzi akaja nami. Jumatatu ikazaa Jumatatu.

Pigo langu la kwanza, Mama, mpira ulipaa ukavuka ukuta, tukasikia kang'! juu ya mabati, na sauti ya mwanamke ikapanda mbinguni, "Nyinyi watu wa gofu, mtatuua na mipira yenu!" Niliijua ile sauti. Ni jirani yangu wa mlango wa pili. Nilijificha nyuma ya mti, Kimanzi akikohoa ili asicheke. Jioni huyo jirani alinieleza habari za wapumbavu wa ng'ambo, nikampa pole na kumsaidia kuwalaani.

Basi kiangazi chote kikawa hivyo. Nyasi zilikauka zikawa rangi ya chai ya maziwa, mpira ukigusa chini unakimbia kama una deni. Nilicheza na Kimanzi pamoja na Mukhwana, yule kedi mzee aliyekuwa rafiki wa Oluoch, aliyekuja mazikoni na koti la kijani. Mwanzoni kila shimo lilikuwa na kidonda chake. Hapa Oluoch alipiga mluzi, pale aligombana na ndege. Nilikuwa nikisimama katikati ya uwanja na machozi yananitoka, na wale wanaume wawili wanageukia mitini, wanajifanya wanatafuta mpira ambao uko wazi miguuni mwao. Hakuna aliyewahi kunitajia habari hiyo tukimaliza.

Januari niliingia mashindano ya wanawake, nikawa wa mwisho. Niliupiga mchanga nikauacha mpira. Februari nilirudi. Safari hii nilimshinda mama mmoja kutoka Lavington, mwenye kofia nzuri, ambaye alinikumbatia kwa furaha kana kwamba ndiye aliyeshinda, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nilimwambia nimefunzwa na mume wangu. Nilisema hivyo bila kulia, ndipo nikajua kuna kitu kimehama ndani yangu.

Machi yakaja mashindano ya wawili wawili, ambapo wawili hupiga mpira mmoja kwa zamu. Mimi nilicheza na Kimanzi, tukapanda mpaka fainali, na mbele yetu wakasimama Mukhwana na kedi mwenzake, Irungu. Asubuhi ya siku hiyohiyo shemeji yangu Oloo akabisha mlangoni kwangu.

Najua ulimtuma, Mama, na dagaa zako za omena zilifika salama. Alinipa na ujumbe wako. Kwamba wazee wameketi, kwamba baada ya Pasaka nirudi nyumbani na mtoto, Oloo anirithi, asimame mahali pa kaka yake. Alinieleza akiangalia viatu vyake. Nilimwambia nimesikia, nitajibu nikimaliza mchezo. Akauliza mchezo gani. Nikamwambia twende aone. Tulipofika uwanjani aliuona ule mfuko, akaujua ni wa nani, akautwaa begani mwake bila kuombwa. Alitembea nyuma yangu mashimo yote.

Tulifika shimo la mwisho tukiwa sawasawa. Mpira wetu ukazama kwenye mchanga, zamu ikiwa yangu, na watu walikuwa wamejaa pembeni, makedi na mama wauza chai na wenye klabu. Kimanzi hakunielekeza. Aliniuliza tu kama nataka asimame karibu au mbali. Nikamwambia karibu. Nilipiga, mchanga ukanijaa mdomoni, na mpira ukatoka ukajongea taratibu mpaka hatua moja kutoka shimoni. Kilichobaki kilikuwa cha Kimanzi kumalizia, pigo ambalo hata Celine angeliweza, naye akakosa.

Tulishindwa, Mama. Mukhwana akarusha kofia yake juu. Kimanzi aliutazama mpira, akanitazama mimi, uso wake kama wa mtu aliyemwaga maziwa ya mwenyewe. Nami nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi, tumbo linauma, na yeye akakaa kando yangu akacheka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mwanao aende. Nilipoinua macho, Oloo alikuwa amesimama na mfuko begani, ananitazama.

Tulirudi kwa njia ya reli. Mbele kidogo akaniambia, "Shemeji, yule Mkamba anakupenda."

Nikasema sijui.

"Unajua," akasema. "Na wewe pia. Mimi nina mke, nina watoto, na nilikuja kwa sababu Mama alinituma. Sikutaka kukataa neno la Mama. Lakini leo nimekuona ukicheka, na sitakuwa mtu wa kuja kuzima kicheko hicho."

Nikamwomba basi anisaidie, akueleze yeye. Akakataa. Akasema maneno haya ni ya kwangu, niandike kwa mkono wangu, yeye ataileta barua na kukaa hapo hadi isomwe. Kwa hiyo najua ameketi karibu nawe sasa hivi. Usimgombeze.

Celine, ndio hapa.

Mama, Kimanzi aliomba kunioa, na nimekubali. Aliniuliza Februari, kwenye benchi nje ya kanisa, na nilimwambia angoje. Hajawahi kuoa, alikuwa akimuuguza mama yake mpaka alipofariki. Jioni ya fainali nilimpa jibu, nikamwambia ndiyo yangu asiipeleke popote kabla haijafika kwako. Hata ndugu zake Kitui bado hawajui. Wewe ndiye wa kwanza.

Sikuandikii kwa sababu nimemsahau Oluoch. Kila kitu ninachokijua kuhusu kusimama imara na kutazama mbele alinifunza yeye. Najua watu watasema nimeondoka mbio na kaburi bado bichi, na kwamba nimekwenda kwa kabila lingine. Hayo nitayabeba. Ambalo siwezi kubeba ni wewe kulisikia kwa mtu mwingine, kwa kuwa nilipofiwa, wewe ndiye uliyelala nami mkekani ukinishika mkono, na wewe ndiye uliyekuwa umepoteza mwana.

Victor ni wa nyumba yenu. Kimanzi amesema hivyo kabla sijasema mimi. Likizo zake atakuja kwako kama zamani, na kwenu ndiko atakakojenga akiwa mtu mzima.

Pasaka nitakuja. Kimanzi atabaki mjini Kisumu, hatakanyaga boma mpaka umwite, na usipomwita tutarudi naye hivyohivyo bila lawama. Mimi nitaingia langoni peke yangu, mchana, majirani wakiona. Nikikukuta umenigeuzia mgongo, nitachota maji, nitafagia ua, nitakupikia, nitasubiri. Moyo wangu umeshaamua kuhusu ndoa, Mama. Bado haujajua utaishi vipi bila wewe.

Msalimie mke wa Oloo na watoto, na mama mchungaji, na wote wanaoniulizia. Victor anasema umwekee yule jogoo mwekundu asichinjwe. Mungu akulinde hadi tuonane uso kwa uso.

Ni mimi, binti yako,

Risper