Indiketa ya kushoto

Alhamisi, baada ya isha

Leo tena nimeshindwa kumwashia mtu indiketa ya kushoto.

Nilikuwa na magunia ya korosho, napanda taratibu kuelekea Mikindani. Nyuma kigari kinaniwashia taa, kinaomba kupita. Mbele kulikuwa kweupe kabisa. Sisi wa malori tunajua: ukiwasha kushoto, wa nyuma apite; ukiwasha kulia, asubiri. Mkono ulikataa.

Mdogo wangu Hamisi aliwashiwa kushoto na lori, akaamini, akakutana na basi uso kwa uso. Kaburi lake pale Mtawanya bado halijaota nyasi.

Yule wa leo alisubiri mpaka tambarare. Alipokuwa ananipita akashusha kioo: "We mzee, umelala? Mshenzi!"

Nilifurahi kumsikia. Hamisi hakupata hata nafasi ya kumtukana aliyemwambia pita.