Nilimchongea Mashoto Wetu Ili Wasimchukue

Shangazi Nettie,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, mtaa mzima unajua, tangu mume wangu Orrin afariki hakuna jirani aliyenipa hata chumvi ya kuazima, na ukurasa wako wa ushauri gazetini huwa nausoma kila Jumamosi ili niwacheke wanaogombana na wakwe zao, lakini leo naomba unisaidie, na unisaidie mapema, maana Jumapili saa nane mchana simu yangu italia na sijui nitasema nini.

Mimi ndiye ninayekaa na vijana wa Kambale, timu yetu ya besiboli ya hapa mjini. Miaka kumi na sita nimewalaza wachezaji kumi na mmoja kwenye kile chumba cha chini, na hakuna aliyetoka kwangu hajui kukunja shuka. Siku hizi Wahunzi, ile timu kubwa ya ligi kuu yenye kuwamiliki Kambale, inawapangia vijana vyumba vyao, lakini huyu Esmerlin alilala huko wiki moja tu, akaja kubisha mlangoni kwangu na begi, akasema kule hakuna mtu wa kumuuliza kama amekula. Nikamuuliza. Alikuwa hajala. Basi amekaa kwangu misimu miwili, akanifundisha kupika wali na maharage mekundu kama mama yake kule kwao visiwani, Baní, nami nikamfundisha kuvua viatu kabla ya kukanyaga zulia. Ni mrushaji, mashoto, mpira wake unakuja umenyooka kama mtu mwaminifu halafu unakata kona mbele ya pua yako, wapigaji wanabaki kupiga hewa kama wanafukuza nyuki. Sikusoma mimi, niliachia darasa la nane nikaenda kupiga pasi hotelini, lakini mrushaji namjua nikimwona.

Sasa kuna hili jambo la orodha. Kila Novemba timu kubwa inaandika majina arobaini, na aliyeandikwa hakuna wa kumgusa. Aliyeachwa nje, kama ameshakaa ligi za chini miaka ya kutosha, inapofika Desemba timu nyingine yoyote inaweza kumchukua, ila ikimchukua ni lazima imweke ligi kuu msimu mzima, na mshahara wa ligi kuu, ule wa chini kabisa, ni zaidi ya dola laki saba. Hapa kwetu Esmerlin analipwa kama mpishi wa shule. Sikukuu ya Shukrani ikatukuta Wahunzi wameshatoa orodha yao, Esmerlin hayumo, wamemwacha nje kama kiti cha bustani, na Brannock yumo, yule mpigaji wa miaka thelathini na saba mwenye magoti ya mbao, anayelipwa milioni kumi na nane na bado ana miaka miwili kwenye mkataba.

Nilikasirika mpaka bata mzinga akaungua upande mmoja. Dwight, mume wa binti yangu, akaanza hotuba yake hata sala haijaisha, kwamba kosa ni la mfuko wa mishahara, kwamba Brannock angebadilishwa tangu kiangazi hata kwa gunia la mipira, timu imlipie nusu ya mshahara huko aendako, nafasi moja ifunguke na hela zibaki za kununua mdakaji wa katikati ya uwanja. Nikamwambia mtu habadilishwi kama gunia, Brannock ndiye aliyetupeleka fainali.

Akasema, "Mama, fainali ile mimi nilikuwa na nywele."

Nikamwambia mtu aliyeshindwa miaka mitatu kuuza gari lake bovu asinifundishe kuuza wachezaji. Nikamkatia upande ulioungua.

Wiki iliyofuata, Jumanne, theluji inaanguka, akaja mtu mlangoni. Mstaarabu, akavua viatu bila kuambiwa. Akasema yeye ni msaka vipaji wa Korongo, na wewe Shangazi unawajua Korongo, ndio hao wanaotutoa kila Septemba na kutucheka. Akasema wanamfikiria Esmerlin, kurusha kwake wameshakuona, wanataka kujua akiwa nyumbani ni mtu wa namna gani. Nikamkatia pai ya maboga. Akala, akaomba kipande cha pili, akatoa kidaftari.

Akauliza, "Mkono wake unamsumbua, mama?"

Nikasema, "Kila akirudi kurusha anauzika mkono kwenye barafu mpaka begani, hasemi neno."

Akaandika. Akauliza kama kijana ni mtulivu. Nikasema nimemwona kwa macho yangu akilia machozi mezani pangu. Akaandika. Akauliza kama aliwahi kuikimbia timu. Nikasema Julai alituacha siku sita, katikati ya msimu. Alipoandika hilo nikaona kalamu inakwenda polepole, kama mtu anayefunga mlango.

Na kila neno ni kweli, Mungu shahidi, mimi sijui kusema uongo. Sikuongeza tu kwamba warushaji wote duniani huweka mkono kwenye barafu, na machozi yale ni ya siku mkewe alipompigia simu ya picha akamwonyesha mtoto, na zile siku sita za Julai ndizo alizozaliwa mtoto, akaenda kwa ruhusa ya kocha na karatasi ninayo. Hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia. Mimi niliona mtu wa Korongo amekaa kwenye kiti cha Orrin anataka kutubebea mashoto wetu, na mdomo ukafanya kazi yake.

Siku ya kuchagua Dwight alikuja kwangu tusikilize pamoja. Zamu ya Korongo ilipofika wakataja mashoto mwingine, mtu wa Teksasi. Nilizunguka jikoni na mwiko mkononi, Shangazi, na goti langu hili. Timu zote zikapita, hakuna aliyemtaja wa kwetu. Dwight akasema kumbe hata Korongo wameona ana kasoro, na tangu siku hiyo anaihubiri kinyozini kwamba Wahunzi walijua walichofanya, mkono wa yule mtoto umekwisha. Nami nimenyamaza. Kunyamaza mbele ya Dwight kunaniuma kuliko goti.

Jumapili iliyopita Esmerlin akanipigia kutoka kwao, kama kawaida yake. Akauliza habari za theluji, akauliza goti. Halafu akasema, "Bibi, timu ishirini na tisa zingeweza kunichukua, na hakuna iliyonitaka."

Nikamwambia ni wajinga wote. Akasema mjomba wake anafyatua matofali ya saruji, anataka mtu wa kusimamia vijana, na lazima ajibiwe mwezi huu. Ana miaka ishirini na mitano na mtoto. Akasema, "Wewe umeniangalia misimu miwili na hujawahi kunibembeleza. Niambie kweli, niache?"

Nikamwambia nina kuku kwenye oveni anaungua, nikakata simu. Hakukuwa na kuku.

Atapiga tena Jumapili. Sitaki aache. Nikimwambia habari za yule mtu wa pai hatarudi kwangu, na binti yangu atajua, na Dwight atalila jambo hili mpaka siku ya kunizika. Basi naomba unipe maneno ya kumwambia asiache, mazuri, yenye nguvu, lakini yasiwe na yule mtu wa Korongo ndani yake.

Ni mimi,
Bibi Verla, Mtaa wa Reli

*

Bibi Verla,

Maneno ya namna hiyo sina, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Nikupe pole kwanza, kwa sababu nyumba ikishazoea mtu wa kuulizwa kama amekula, kuikuta tupu mwezi wa Oktoba si jambo dogo. Unampenda huyo kijana. Hilo limeonekana kwenye kila mstari, hata ule uliodhani umelificha. Pole imeishia hapo.

Unajisifu kwamba hujui kusema uongo. Bibi yangu, njia ya mwongo ni fupi, wote tunaijua. Ya mtu anayetoa ukweli nusu nusu ndiyo ndefu, ndiyo maana wewe umetembea nayo kutoka Desemba mpaka leo na bado hujachoka. Ulichukua vipande vitatu vya kweli ukamjengea yule mtu picha ya mgonjwa, mlizi na mtoro, ukamkatia na pai. Hakukuuliza, unasema. Alikuuliza mara tatu. Kalamu yake ilipopunguza mwendo uliiona, na ulijua inafunga nini, umeandika mwenyewe.

Halafu unawakasirikia Wahunzi. Wahunzi walimwacha nje kwa sababu ni wabahili na wanaogopa kumuudhi Brannock, lakini walibandika orodha hadharani, kijana akaisoma. Wewe ulimwacha nje jikoni, mlango umefungwa. Na ulipomwambia mkweo kwamba mtu habadilishwi kama gunia, ilipita wiki moja tu nawe ukambadilisha: ukatoa mwaka mzima wa ligi kuu ambao haukuwa wako, ukapokea mtu wa kula wali wako. Hata Wahunzi hawajawahi kufanya biashara mbovu kiasi hicho, na mimi nimewafuata tangu nikiwa na meno ya utoto.

Sisemi Korongo wangemchukua kwa hakika. Wana vipimo vyao na kamera zao, na huenda yule wa Teksasi anarusha kwa nguvu zaidi. Huenda. Wewe hujui, mimi sijui, na zaidi ya wote Esmerlin hajui, naye yuko njiani kwenda kusimamia matofali kwa sababu anaamini timu ishirini na tisa zilimtazama zikamkataa. Hawezi kuamua maisha yake kwa hesabu ambayo wewe umekalia tarakimu yake moja.

Sasa fanya hivi. Leo ni Jumamosi. Weka gazeti chini, mpigie yule msaka vipaji. Watu wa kazi ile hawatoki jikoni kwa mtu bila kuacha namba, na wewe si mwanamke wa kutupa karatasi. Mpe zile nusu zilizobaki: barafu ni ya warushaji wote, machozi ni ya mtoto, siku sita ni za uzazi, na umsomee karatasi ya kocha ilivyo. Usilie, na usimwalike kula. Mwambie pia ulisema vile kwa sababu yeye ni mtu wa Korongo, ajue alikuwa anaongea na shabiki na si shahidi. Uchaguzi wa Desemba umepita, huo huwezi kuurudisha. Lakini timu hubadilishana watu mpaka majira ya kuchipua na baada yake, na mashoto asiye kwenye orodha ya arobaini, wa timu inayokamua kila senti ili imlishe Brannock, ni kitu cha bei nafuu kuulizia. Anaweza kukusikiliza, anaweza kukukatia simu. Ukikatiwa, utakuwa umejua kunavyouma, maana mtu wa kuku ni wewe.

Dwight mwambie mwenyewe, kabla hajaisoma hapa na kwenda tena kinyozini kuuzika mkono mzima. Ndiyo, atalila jambo hilo miaka. Mwache ale. Na kuhusu Brannock, mkweo ana haki, alitakiwa kuondoka mapema, nusu ya mshahara wake walipe wao na washukuru. Mume wangu amesoma sentensi hiyo kabla haijachapwa na hajaniongelesha tangu jana.

Imebaki Jumapili. Simu ikilia usimuulizie mtoto kwanza, ukishamsikia mtoto utalainika na utameza kila kitu. Sema kabla hata ya salamu: alikuja mtu wa kukuulizia, nami nilikuharibia, na nilifanya kwa sababu sikutaka uondoke. Yote matatu, kwa mpangilio huo, na hilo la tatu usilitangulize ili likutetee.

Atakuuliza tena kama aache. Usimjibu. Mtu mwenye lake kwenye jambo hashauri, na wewe una lako: unakitaka kile chumba cha chini kiwe na viatu mlangoni. Akikaa kimya, kaa kimya naye. Akikata, usimpigie, amekusikia, na kurudi ni kwake. Lakini akibaki kwenye simu, hata kama hasemi kitu, msomee namba ya yule mtu wa Korongo, polepole, mara mbili, mpaka umsikie anaandika.

Shangazi Nettie