Mashuka ya Hoteli, Migolole ya Nainokanoka

Jumatano, 2 Juni 1982

Nimepiga pasi mpaka mkono umekufa ganzi. Wageni wachache tangu mpaka na nchi jirani ufungwe, ila msimamizi wa dobi anataka kila kitanda kitandikwe, hata vya upande ambao haufunguliwi tena. Sabuni hakuna. Tunafulia magadi. Vidole vimepasuka vyote.

Habari ya leo: hoteli inauza mashuka makuukuu kwa wafanyakazi. Nimechukua matatu. Wenzangu wanataka ya kulalia, mimi nina wazo jingine. Karatu nzima hakuna mgolole wa kujifunga dukani. Wamasai wanashuka mnadani wamejifunga viraka. Mashuka haya nikiyapa rangi nyekundu, nani atayakataa?

Mikataba yetu inasainiwa upya tarehe 30. Ukisaini ni mwaka mzima. Nina miaka tisa kwenye mvuke huu. Nikipata biashara kabla ya tarehe hiyo, sisaini. Nimeandika ili nisije nikajikana.

Jumapili, 6 Juni

Baada ya misa nimejaribu. Yule Mnyaturu anayeuza rangi za mikeka alikuwa na pakiti chache nyekundu, nikazinunua zote. Hazitoshi. Nikachemsha na magome ya muwati ili rangi iongezeke, kwenye sufuria yangu ya ugali. Imetoka nyekundu iliyoiva, ya udongo wa huku kwetu. Nimeyafua mara tatu. Haichuji.

Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumatatu, 7 Juni

Nimeomba ruhusa ya ugonjwa, nimekwenda mnadani. Sikufika hata kwenye mabanda ya nyama choma. Morani watatu walinizuia njiani, wakalipa, wakajifunga palepale na kuondoka. Wa nne alinifuata mpaka barabarani akiuliza nina mengine.

Mimi, Martina, nimefuatwa na mteja.

Alhamisi, 10 Juni

Nimemuuza mtamba wangu. Ndiye ng'ombe pekee niliyepewa na baba. Kwa pesa hiyo nimechukua mashuka yote yaliyobaki, arobaini, na pakiti za rangi alizoniletea Mnyaturu.

Kaka Bura amekuja kunisema. Kwamba mwanamke mwenye akili hauzi mtamba mwenye mimba kwa ajili ya matandiko yaliyolaliwa na Wazungu. Nilimwambia akae aangalie. Akasema ataangalia, hana kazi nyingine.

Nimekasirika na nimefurahi, vyote pamoja. Sufuria haitoshi mashuka arobaini. Nimeazima pipa la mafuta la jirani. La zamani, lina kutu, lakini halivuji.

Jumapili, 13 Juni

Nimekoka moto tangu alfajiri. Ukungu mzito, kuni mbichi, macho yanawaka. Maji, magome, rangi, mashuka. Nimekoroga kwa mti mpaka mabega yamelegea. Nikaimba.

Nikainua la kwanza. Jeusi.

La pili, jeusi. Nikasema ni moshi, nikalisuuza mtoni. Jeusi. Yote arobaini meusi tii, na Bura amekaa kwenye kigoda chake anaangalia, kama alivyoahidi.

Jumatatu, 14 Juni

Nimeelewa nikiwa kazini, mbele ya pasi. Ni kutu. Ukiacha msumari kwenye chai ya rangi, chai inageuka wino. Muwati ni mkali kuliko chai, na pipa zima lilikuwa msumari. Miaka tisa nasugua madoa ya kutu kwenye mashuka ya watu, halafu nachemsha yangu ndani ya kutu. Mjinga wa mwisho.

Nilijaribu kuyafua kwa magadi. Hayarudi. Hiyo rangi imeingia imekaa.

Hakuna morani atakayevaa haya. Mtamba amekwenda. Msimamizi ameniuliza kama nitasaini, nikasema ndiyo, nadhani. Nimejichukia kwa hiyo "nadhani."

Alhamisi, 17 Juni

Nilikuwa nimeazima kipande cheusi kujifunga kichwa kwa baridi. Nasema nimeazima, kumbe ni changu. Lemayan, askari wa lango la hoteli, mtu wa Nainokanoka, kule juu kwa Wamasai, akanisimamisha na kunisalimu kwa Kimaa, kama mama.

"Takwenya, yeyo."

"Iko."

Akashika pindo la kitambaa, akalivuta, akalinusa. Akaniuliza nimekitoa wapi. Nikamwambia ni balaa langu, na ninalo jingi nyumbani. Hakucheka. Akanieleza kwamba kwao vijana wanatahiriwa mwezi huu, kwenye maboma mengi kwa pamoja. Wakishatahiriwa lazima wavae nyeusi kwa miezi, mpaka wapone na kunyolewa. Kaniki hazijaonekana Karatu wala Wasso tangu mwaka jana. Akina mama wanapaka mkaa na mafuta kwenye magunia, na wanaona aibu.

"Sasa wewe unasema balaa," akasema.

Nimerudi kwenye pasi. Nimeunguza foronya mbili, na sijali.

Jumamosi, 19 Juni

Lemayan anasema mama yake ndiye atakayeamua. Akikataa yeye, maboma yote yatakataa. Na kuna kitu wanachokiogopa: nyeusi inayochuja. Kijana ana kidonda, na anapakwa mafuta ya kondoo mwili mzima. Rangi ikimtoka mwilini wataniona mchawi.

Nimeyafua yote tena, mara mbili. Maji ya mwisho yalikuwa meupe. Bado naogopa. Maji si mafuta.

Jumanne, 22 Juni

Mimi na mzigo tumepanda gari la wafanyakazi mpaka ukingoni mwa kreta. Kule ndugu yake Lemayan alikuwa anangoja na punda wawili. Tumetembea kutwa. Baridi, nyasi zimelowa, kinyesi cha nyati bado kinafuka njiani na mimi nimevaa kandambili. Punda mmoja alilala chini na mashuka yangu kwenye tope, nikamtukana Kiiraqw chote ninachokijua. Ndugu yake Lemayan haelewi Kiiraqw, lakini alielewa.

Tumefika jua likizama. Nimepewa maziwa. Nyumba ya mama haina nafasi ya kusimama wima, na moshi umejaa. Hakuna aliyeuliza juu ya nguo. Nilitaka kupasuka.

Jumatano, 23 Juni

Asubuhi mama yake Lemayan alitoka nje na kibuyu cha mafuta. Wanawake kumi na kitu walimzunguka. Akachagua shuka la katikati ya mzigo, si la juu. Mjanja kama mimi. Akamimina mafuta kiganjani, akakunja kitambaa, akasugua. Akasugua sana. Nilikuwa naangalia mkono ule tu. Nikawaza mtamba, nikawaza tarehe 30, nikasema moyoni Mungu wangu nisamehe wivu na majivuno yote.

Akafungua kiganja. Kina mafuta tu. Safi.

Akasema neno moja kwa Kimaa, na wanawake wakauvamia mzigo wangu. Nilisukumwa nikakaa chini. Nikabaki hapohapo kwenye kinyesi cha ng'ombe, nacheka, machozi yananitoka. Waliokosa walinishika mkono, kila mmoja anataja mtoto wake. Wa maboma ya jirani pia wanataka, kabla ya mwisho wa kipupwe.

Sina hata kipande cha kujifunga kichwa. Wamechukua na hicho.

Jumapili, 27 Juni

Nimeshuka na kondoo, mbuzi na ngozi walivyonilipa, vyote vimekwenda mnadani juzi. Nimenunua mashuka makuukuu kutoka hoteli nyingine.

Juma lile nilitafuta wa kumlaumu kwa kutu. Leo jirani amechukua pipa lake, nami nimezunguka Karatu nzima nikitafuta kutu. Bura ndiye aliyepata: pipa bovu nyuma ya gereji, limeoza kabisa. Amelibingirisha mwenyewe mpaka kwangu, akatupia na misumari ndani. Anasema lazima iwe nyeusi ya kweli. Sasa ndiye fundi.

Theresia wa dobi amekuja kuomba ushauri. Anataka kupika vitumbua vya kuuza stendi. Nilimwambia jambo moja tu, sijui mengine: ajaribu vichache kwanza, lakini kwa chungu kilekile na moto uleule atakaotumia kwa vingi. Mimi nilijaribu kwenye sufuria nikapika kwenye pipa. Akauliza, "Lakini si ulipata?" Nikasema nilipata kwa sababu Lemayan alisimama langoni siku ile. Sitaki mtu mwingine aishi kwa kumngoja Lemayan.

Jumatano, 30 Juni

Msimamizi aliweka karatasi mezani na kalamu juu yake. Nilisoma yote, polepole, kitu ambacho sijawahi kufanya. Nikairudisha bila kusaini. Hakugomba. Aliuliza kama nina mume mpya.

Nilimaliza foronya zangu za siku. Zilikuwa nzuri.

Alhamisi, 1 Julai

Nimeamka saa kumi na moja, mwili haujui kwamba nimeacha kazi. Nimevaa kanga, nimekaa kitandani. Gari la wafanyakazi limesimama barabarani, likapiga honi mara mbili, likangoja. Nikasikia Theresia akimwambia dereva, "Twende, huyu hayumo."

Nimelala tena mpaka kumepambazuka.