Msiningojee Mwezi wa Nne

Jumapili, 8 Machi 1953

Leo ni mwaka mmoja, miezi minne na siku tatu tangu niondoke nyumbani Tarime kuja huku mgodini. Nahesabu kwa sababu najua Bhoke anahesabu. Ng'ombe wa mahari walikwisha kwenda kwao wote, zizi la baba yangu likabaki tupu. Mwezi wa nne ilikuwa niende kumchukua.

Lakini kifua! Mwezi uliopita bwana mganga wa hospitali alinisikiliza mgongoni, akaniuliza nimekaa shimoni muda gani. Nikamwambia. Kisha akasema nikirudi chini mwaka mwingine nisimlaumu mtu. Akaniandikisha chuo cha madresa, wale wafunga vidonda, chumba kile nyuma ya hospitali ya mgodi. Tuko wanafunzi sita. Asubuhi nasukuma toroli za mawe huku juu nipate posho, mchana nafua bandeji, jioni darasa. Mimi niliyeishia darasa la tatu!

Mwalimu Marcel ametuambia kila mmoja awe na daftari la siku, mkono ukomae. Taabu yangu ni r na l. Sisi Wakurya masikio yetu hayazitofautishi. Maneno niliyosahihishwa naandika sawa. Mengine Mungu anajua.

Nitarara — nitalala sasa.

Jumatano, 11 Machi

Mtihani ni tarehe 29 Aprili. Anayeshindwa anarudishwa shimoni. Mwezi wa nne siwezi kwenda. Nimemwandikia baba mkwe mwenyewe, kwa mkono wangu, sikumwomba mtu. Nimenakili hapa:

"Baba, shikamoo. Nimepata mahari pengine. Mahari ya kwanza imeniumiza sana kifua, nimeiacha. Msiningojee mwezi wa nne. Bhoke asiwe na wasiwasi, ni kwa faida yetu. Mimi mkweo."

Fupi, lakini imetimia. Mihayo alikuwa anakwenda posta, nimempa aipeleke. Huyu Mihayo ni Msukuma, kitanda chake kiko jirani na changu. Yeye kosa lake ni kinyume, kila kitu l. Anasema Wakurya tumechukua r zote, Wasukuma wamebaki na l, tukigawana tutafaulu wote wawili. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Jumamosi, 28 Machi

Nimesinzia darasani. Mwalimu amenigonga kichwa kwa chaki. Mifupa ya mkono nimeisahau yote. Toroli, bandeji, vitabu — na usiku namfikiria Bhoke. Kimoja lazima kitadondoka. Kikohozi kimepungua lakini.

Jumapili, 19 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Cornel, ndugu yangu wa ukoo, amerudi leo kutoka likizo nyumbani. Amesimama mlangoni kwangu, hakutaka hata kukaa. "We bwana, umemfanyia nini yule mzee?"

Barua yangu ilisomwa na katekista mbele ya wazee wote. Huyo katekista si wa kwetu, ni Mkerewe. Mzee akamtaka airudie mara tatu. Kisha akainuka, akasema: kama mahari ya binti yangu inamuumiza kifua, ng'ombe wake hao hapo. Jioni ile ile waliswagwa mpaka kwa baba yangu! Baba aliwatazama wanaingia zizini.

Eti nimeandika kwamba nimetoa mahari kwa mwanamke mwingine! Mimi! Mwanamke gani? Nina mashati mawili!

Nikamuuliza, na Bhoke? Cornel akatazama chini. Bhoke amesema: mwambieni kifua chake kimponee huko huko.

Na bado. Yuko mtu wa Sirari ameleta maneno ya kumposa. Ng'ombe wake wanapokelewa Jumatatu ya tarehe 27. Siku nane!

Nimefungua daftari, nimesoma nakala yangu neno kwa neno. Nimepata mahari pengine. Basi! Ubaya uko wapi? Barua imebadilishwa njiani. Na aliyeishika njiani ni mmoja tu.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimemwambia Mihayo usoni kuwa alifungua barua yangu. Alidhani natania. Nikamshika shati, likachanika. Hakunipiga. Amehamisha kitanda chake upande wa pili. Afadhali angenipiga.

Sikula leo.

Alhamisi, 23 Aprili

Naona aibu hata kushika kalamu. Naandika hivyo hivyo.

Leo imla. Mwalimu akasoma: mgonjwa alazwe mahali pakavu. Tukaandika. Akapita akikusanya, kwangu akasimama. Akainua karatasi yangu darasa zima lione. "Mgonjwa wa huyu bwana kalazwa juu ya ng'ombe! Tena wakavu!"

Wakaangua kicheko. Sikuelewa. Mwalimu akaandika ubaoni maneno mawili, moja juu ya jingine. Akaligonga la juu kwa fimbo: mahari, hii ni ng'ombe unaowapeleka kwa wakwe. Akaligonga la chini: mahali, hapo unaposimama.

Ubao ukaniyumba machoni.

Nimepata mahari pengine. Mahari ya kwanza imeniumiza kifua, nimeiacha. Kwa mkono wangu! Kwa baba mkwe! Na katekista, ambaye r na l anazitofautisha, akawaeleza wazee kilichoandikwa: ng'ombe. Angeeleza nini?

Kwetu tungetamka yote mawili sawa, mzee angeuliza, ni mahari ipi hiyo? Karatasi haiulizwi.

Nikatazama upande wa Mihayo. Yeye peke yake hakucheka. Shati lake lina kiraka cha uzi mweusi.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimemwomba Mihayo radhi. Nimemwonyesha nakala. Akasoma, akashika mdomo, akacheka mpaka machozi, kisha akajifuta uso. Akasema, "Ndugu yangu, barua nyingine haifiki kabla ya Jumatatu."

Najua. Na ingefika, nani angeniamini kwa maandishi tena?

Nimekwenda kwa mwalimu. Nimemweleza yote, nikiwa nimesimama. Hakucheka safari hii. Lakini mtihani si wake, amesema, unaletwa na bwana mganga, Jumatano saa mbili. Asiyekuwepo jina linafutwa. Shimoni wanataka watu.

Nimelala chali, nasikiliza kifua changu. Kinapiga filimbi, kidogo tu. Bhoke hajui kama kinapiga filimbi. Anadhani kimeumizwa na ng'ombe wa baba yake!

Jumamosi, 25 Aprili

Naandika juu ya gunia la pamba, lori linangoja dereva amalize chai. Leo Mwanza, usiku meli, kesho Musoma, na kutoka Musoma nikikosa gari nitatembea. Jumatatu alfajiri niwe kwa mzee kabla ng'ombe wa watu hawajaingia. Nitasema kwa mdomo. Mdomo wangu haukosei kwetu.

Mihayo amenisindikiza. Nimemwachia karatasi ampe mwalimu, na nimemtaka kwanza atazame herufi. Ameifuata kwa kidole, polepole:

"Mwalimu, natoka mahali hapa kwa ajili ya mahari. Nitarudi Jumatano tarehe 29, kabla ya saa mbili."

"Zote sawa," amesema. "Hata mimi nimeona." Kisha hakuikunja. Ameitazama tena.

"Lakini meli ya kuludi ni Alhamisi."

Dereva anapanda. Nimemwambia aipeleke hivyo hivyo. Nitarudi Jumatano.