Bomba ya Nyuma

Jumatatu, 1 Aprili 1974
Nimekata mabomba mawili kabla ya chai. Msumeno umekwisha meno. Mikono ya chaki haijazoea chuma.
Landrova ya zahanati ina turubai tu juu. Mwaka jana ilibiringika kwenye barabara ya Mtae, dereva akafa chini yake. Sasa muuguzi anayepanda humo kila Ijumaa ni Naomi, mwanangu wa pekee. Naogopa. Kamati ya kijiji imenipa mabomba yaliyobaki ya mradi wa maji. Tutaunda fremu ya kuwakinga.

Jumanne, 2 Aprili
Fundi Kiondo amejaza bomba mchanga, akalichoma moto, akalipinda kwenye kisiki. Huo ndio upinde wa mbele. Ameuita tundu la kuku. Hoza, dereva mpya, ameuliza atapewa pumba au mahindi. Wamecheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 3 Aprili
Upinde umechomelewa kwa gesi kwenye chesisi ya Landrova. Bado mabomba mawili ya kuuegemeza kwa nyuma, kulia na kushoto. Bila hayo utalala.
Kiondo husema "bomba ya nyuma". Nimemrekebisha mara sita. Bomba la, mabomba ya. "Ndiyo, mwalimu," kisha anarudia.

Alhamisi, 4 Aprili
Homa. Sikwenda karakana. Jioni Kiondo ameniletea barua: "Shikamoo mwalimu. Bomba ya nyuma imeshika. Gesi imekwisha."
Nimeisahihisha kwa wino mwekundu: Mabomba ya nyuma yameshika. Nimemwambia Naomi gari liko tayari.

Ijumaa, 5 Aprili
Naomi na Hoza wameondoka kwenda Mtae saa kumi na mbili asubuhi. Mvua kubwa.
Saa nne nimemrudishia Kiondo barua yake ili ajifunze. Ameisoma, akaweka kidole kwenye wino mwekundu.
"Mwalimu, mimi niliandika moja. Ya kulia. Ya kushoto nimefunga na waya tu, gesi ilikwisha."
Ma- niliiweka mimi. Kwa mkono wangu.
Mtae hakuna simu. Nimetembea hadi njia panda, nimerudi, nimekwenda tena. Giza limeingia. Hawajafika.

Jumamosi, 6 Aprili
Hawajarudi. Sijala. Hadi adhuhuri nilimchukia Kiondo. Baada ya hapo nimejichukia mwenyewe. Miaka thelathini na moja nimefundisha watoto kusoma kilichoandikwa.
Mungu, usimchukue.

Jumapili, 7 Aprili
Jumapili ya Mitende. Sikwenda kanisani.
Saa nane mchana wamekuja kwa miguu, matope hadi kichwani. Barabara ilimeguka karibu na Mtae. Landrova ilibiringika, ikalala ubavu wa kulia. Bomba la kulia limejipinda kidogo tu. Waya wa kushoto umekatika.
Hoza amefungwa kitambaa kichwani. "Shikamoo mwalimu. Kuku wote wazima."
Naomi ameuliza, "Baba, mbona unalia?"
Ubavu wa kulia.

Jumatano, 10 Aprili
Watu wa Mtae wameiinua Landrova kwa kamba. Hoza ameirudisha polepole. Nimemweleza Naomi yote. Ameniwekea chai.

Alhamisi, 11 Aprili
Gesi imefika. Mvua imepungua. Jioni Kiondo ameniletea barua: "Shikamoo mwalimu. Bomba ya kushoto imeshika. Ya kulia nimenyoosha."
Nimekwenda karakana kupapasa mwenyewe, kwanza kushoto, kisha kulia. Chuma kilikuwa bado na joto.
Barua nimeiweka humu daftarini, kama alivyoiandika.