Boriti ya Kibaraza Changu

Elia mjukuu wangu,

Huku Levolosi tu wazima. Anna mama yako anakusalimu, nami nawaza kama unakula vizuri.

Unauliza kama ung'oe injini ya gari hapo nyumbani. Umeniamshia hasira! Injini za mtumba za Japani zilipoanza kuingia, babu yako alinunua moja. Akasukuma gari kibarazani, akafunga mnyororo kwenye boriti ainue ile mbovu.

"Baba Anna, boriti hiyo imeliwa na mchwa."

"Mama Anna, chemsha chai. Injini tuachie wanaume."

Nikambeba mama yako, bado mchanga, nikasogea uani. Boriti ikakatika, mabati yakalala juu ya gari. Akatoka na vumbi kichwani, ananifokea, "Mbona hukusema?"

Hukusema! Mpaka leo nachemka.

Basi ng'oa, mwanangu, ila mkeo akisema neno, weka mnyororo chini umsikilize.

Bibi yako